Usiku Banks aliporuka sebuleni kwetu

Juzi binti yangu alinijia na simu mkononi. "Hebu ona," akasema. "Huyu kipa wanamsifu hivi kwa nini? Mpira wenyewe ni kama ulikuwa unatoka nje."

Ilikuwa video ya sekunde chache. Jairzinho wa Brazili anamtoka beki upande wa kulia, anapiga krosi, Pelé anapaa na kuupiga kichwa kuelekea chini, mpira unadunda, Gordon Banks, kipa wa Uingereza, anajitupa kwenye pembe ya lango, kisha inakuwa kona. Kombe la Dunia, Guadalajara, Meksiko, 7 Juni 1970. Nikamwambia nitamweleza baadaye, maana koo lilikuwa limenikaba. Hajui kwamba ile hatari mimi niliiona ikiokolewa kwa macho yangu, na aliyeiokoa alikuwa babu yake.

Ilikuwa Julai 1990, wakati wa Kombe la Dunia. Kameruni walikuwa wametoka kufungwa na Uingereza 3-2 kule Naples, kwa penalti mbili za Lineker, nami nilikuwa nimegoma kuzungumza na watu. Wangu alikuwa N'Kono, kipa wao, yule wa suruali ndefu. Bell, kipa mwenzake, ndiye aliyetarajiwa kudaka, kisha N'Kono akapewa lango mechi ya ufunguzi na Argentina, wakashinda 1-0. Kwangu hilo lilikuwa limemaliza kila ubishi. Jioni ile nilipofungua mdomo, nilisema hakuna kipa aliyewahi kumfikia duniani. Nikataja Kombe la Dunia la 1982: mechi tatu, goli moja tu aliloruhusu, Kameruni wakarudi nyumbani bila kupoteza mechi, huku Italia waliotoka nao sare wakienda kubeba kombe.

Baba na baba mdogo wakatazamana. Nikajua nimewasha moto.

Baba alikuwa wa Banks. Baba mdogo alikuwa wa Lev Yashin, kipa wa Umoja wa Kisovieti. Hakuwahi kumwona akicheza hata dakika moja. Alimjua kwa redio na kwa picha za magazeti, lakini Yashin alipofariki Machi mwaka ule alikaa siku nzima kama aliyefiwa na ndugu. Alichompendea si kuruka. Alikuwa akisema makipa wote kabla ya Yashin walikaa wakisubiri kupigwa, na Yashin ndiye aliyetoka golini kwenda kuitafuta hatari, akipiga kelele kupanga mabeki, akipiga ngumi krosi, akirusha mpira kwa mkono mashambulizi yaanze kabla adui hajarudi.

"Na 1962?" baba akauliza. "Walipotoka 4-4 na Kolombia, kona haikuingia moja kwa moja mbele ya macho yake?"

"Iliingia, kaka. Na mwaka uliofuata wakampa Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Nitajie kipa mwingine aliyewahi kuupata."

Hayupo. Hata leo hayupo. Baba akajikuna kidevu. Baba mdogo akaona upenyo: "Na huyo Banks wako, robo fainali ya 1970 na Ujerumani Magharibi alikuwa wapi?"

"Alikuwa mgonjwa. Na wenzake waliongoza 2-0 wakafungwa 3-2. Huo ndio ushahidi wangu, mdogo wangu, si wako."

Wakati mwingine nafikiri wote watatu tulimkosea Dino Zoff, kipa wa Italia. Dakika 1,142 za mechi za kimataifa bila nyavu zake kutikiswa, mpaka Sanon wa Haiti alipomfunga 1974. Akiwa na miaka 40, 5 Julai 1982, dakika za mwisho na Brazili, Italia ikiongoza 3-2, Oscar alipiga kichwa kilichokuwa kinaingia, na Zoff hakukipangua. Alikidaka, akakibana pale pale juu ya mstari. Angetema, mtu angemalizia. Lakini usiku ule hakuna aliyemtaja.

Baba aliinuka akatia kanda kwenye deki. Ilikuwa kanda yake ya mechi ile ya 1970, yenye chenga chini ya picha kwa kurudishwa nyuma mara nyingi mno. Akaipeleka mpaka krosi ya Jairzinho, akaisimamisha.

"Msitazame mkono. Tazameni miguu."

Banks alikuwa karibu na nguzo ya upande wa mpira. Ilibidi awe pale, kwa sababu Jairzinho alikuwa amefika karibu na mstari na angeweza kupiga. Krosi ilipompita juu, lango lote lilikuwa mbele yake la kuvuka. Baba aliachia picha ikasogea kidogo, akaisimamisha tena. Banks alikuwa tayari njiani, na Pelé bado yuko hewani. "Mnaona? Hajapigwa bado. Ameshaanza kwenda."

"Ni bahati," akasema baba mdogo. "Mkono ulikuwa pale, mpira ukaukuta."

Hilo neno bahati ndilo lililofanya baba asogeze meza ukutani.

Akaweka viti viwili viwe nguzo. Lango ni mita 7.32, na sebule yetu haikufika hata nusu, lakini hilo halikumsumbua. Aliondoa saa mkononi, akanipa niishike. Goti lake la kulia lilikuwa bovu tangu siku zake za kudaka, na wakati ule alishakuwa mzito. Akamkabidhi mdogo wake mpira wangu. "Wewe ni Pelé. Tupa chini, karibu na kile kiti cha mbali. Kwa nguvu. Ukinihurumia nitajua."

Kulikuwa kimya. Nakumbuka saa ile ikipiga kiganjani mwangu. Baba mdogo aliinua mpira juu ya kichwa kwa mikono miwili, akaushindilia sakafuni, na sidhani kama alimhurumia. Baba alikuwa ameshaondoka kwenye kiti chake. Hatua, hatua, kisha mwili wake wote ukalala hewani. Sijawahi kumwona baba akiwa hewani kabla ya hapo, wala baada. Mpira ulidunda ukaanza kupanda, na kiganja chake kikauingia kwa chini wakati ule ule unapopanda, kikauongezea tu kidogo. Ukapaa juu ya kiti, juu ya vichwa vyetu, ukagonga dari.

Kisha kishindo cha baba kutua.

Alilala pale akishika kifundo cha mkono, akicheka bila sauti. "Ukidunda unapanda," akasema kutoka sakafuni. "Hushindani nao. Unausindikiza. Sasa niambie ni bahati."

Baba mdogo hakusema neno. Alimtazama kaka yake pale chini, muda mrefu, kisha akamwinua, akaaga, akaondoka. Kifundo kilivimba wiki nzima. Baba aliuvumilia uvimbe ule kama medali, na tangu siku ile ubishi wa Yashin na Banks ulikufa nyumbani kwetu. Baba alikwenda kaburini akijua alishinda.

Baada ya video ya binti yangu nilimpigia baba mdogo. Nikamkumbusha usiku ule, nikamwuliza kama kweli alikubali.

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, jibu nilikuwa nalo tangu kanda ilipokuwa inacheza. Yashin asingefika kwenye kuruka. Krosi ile ilikaa hewani. Angetoka golini akaipiga ngumi kabla Pelé hajapanda, na leo wala usingekuwa na video ya kuitazama."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, baba yako amelala sakafuni ameshika mkono?"

Nimeitazama tena ile krosi, mara nyingi tangu juzi. Kuna wakati naiona ndefu, kipa mwenye moyo wa Yashin angeifikia. Kuna wakati naiona iko mbali mno na lango, na anayeitokea anafungwa huku amesimama katikati ya njia. Kabla hajakata simu, baba mdogo aliniuliza swali: "Unadhani kaka angenijibuje?"

Nikamwambia naye nitamjibu baadaye.