Uzoefu wangu: infografiki ya presha niliyolazimika kuichora upya

Infografiki, yaani picha ya kueleza jambo kwa michoro, namba na maneno machache, ya kwanza niliyokitengenezea kituo cha afya ilikuwa na vichwa vidogo tisa, chati tatu za duara, moyo mkubwa mwekundu katikati, na nembo ya mteja juu na chini. Kituo hicho kilikuwa kimeanzisha huduma ya kupima shinikizo la damu, na kilitaka watu wazima wasiojihisi wagonjwa wavutike kuja kupimwa. Nilijitahidi kuingiza kila nilichopewa na daktari na kila nilichopewa na idara ya masoko, na mteja akaipokea kazi kwa furaha. Wiki chache baadaye muuguzi wa mapokezi alinieleza jambo lililonirudisha mezani: waliofika baada ya kuiona picha walikuwa wakiuliza kama kituo kinatibu ugonjwa wa moyo, na hakuna aliyetaja kupima presha.

Sikuona sababu ya kuwalaumu wasomaji hao. Moyo ule ulikuwa umechukua theluthi nzima ya ukurasa, na jicho la mtu hukimbilia kwanza kitu kikubwa chenye rangi kali, kisha ndipo hutafuta maneno ya kukieleza. Niliuchora kwa sababu shinikizo la damu linahusu moyo na mishipa, na kwa sababu mchoro wa moyo unapatikana tayari katika kila programu ya usanifu. Sikuwa nimejiuliza mchoro huo unamwambia nini mtu ambaye hajasoma maelezo niliyokabidhiwa mimi.

Nilimwendea daktari msimamizi nikiwa na swali moja. Nilimwomba afikirie mtu anayeipita picha hii ukutani au kwenye simu kwa muda wa nukta kumi, kisha aniambie mtu huyo anapaswa kubaki na nini kichwani. Alifikiri kidogo, akajibu: "Ajue kwamba anaweza kuwa na presha na asisikie chochote." Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko kurasa nne za maelezo nilizokuwa nimepewa mwanzoni. Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili, na hapo ndipo ugumu wa kulitangaza unapoanzia, kwa kuwa mtu hatafuti tiba ya kitu asichokihisi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa kati ya miaka 30 na 79 wana tatizo hili, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui kuwa wanalo. Bilioni 1.28 ni namba ambayo hakuna anayeweza kuiona akilini. Asilimia 46, yaani karibu nusu, inaonekana mara moja, na inamfanya msomaji ajiulize yeye yuko upande gani. Basi nikafuta chati zote tatu na kubakiza namba hiyo peke yake.

Kuichora vizuri kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Katika toleo la kwanza nilikuwa nimelinganisha makundi mawili kwa kuchora mioyo miwili, mmoja ukiwa na kimo mara mbili ya mwenzake, nikiamini kwamba nimeonyesha "mara mbili". Mchoro unapoongezwa mara mbili kwa kimo, upana nao huongezeka mara mbili, na eneo linalojazwa na rangi huwa mara nne. Kwa hiyo nilikuwa nimedanganya bila kukusudia. Dawa ya kosa hili ilikwishapatikana zamani. Mwanafalsafa Otto Neurath na wenzake mjini Vienna, Austria, katika miaka ya 1920, waliweka kanuni kwamba kiasi kikubwa kionyeshwe kwa alama nyingi zaidi zenye ukubwa uleule, wala si kwa alama moja iliyotanuliwa. Nikaifuata kanuni hiyo na kupanga alama za watu 100 katika safu kumi, 46 kati yao zikiwa na rangi iliyokolea. Nilizipanga zikifuatana kuanzia kona moja, kwa kuwa alama zenye rangi zikitawanywa huku na huku jicho hushindwa kukadiria kiasi chake.

Kwenye karatasi ya A3 mpangilio huo ulipendeza. Kwenye simu alama 100 ziligeuka kuwa vitone, na hapo ikabidi nichague. Kwa toleo la simu nilichora watu kumi tu, watano wakiwa na rangi, na pembeni nikaandika "karibu 5 kati ya 10". Daktari alitaka asilimia 46 ibaki, nami nikaibakiza kwa maandishi madogo chini ya mchoro. Naamini makadirio yanakubalika ikiwa msomaji ameambiwa wazi kwamba ni makadirio, na namba kamili iko palepale.

Mvutano halisi ulitokea kwenye kichwa cha habari. Idara ya masoko ilipendekeza maneno "Punguza hatari yako kwa nusu", yakiwa makubwa kuliko kitu kingine chochote. Nilikataa, na sababu yangu niliieleza kwa mfano wa kubuni: ikiwa watu 2 kati ya 1,000 hupata tatizo fulani, na baada ya hatua fulani akabaki 1 kati ya 1,000, mtu anaweza kusema kwa haki kwamba hatari imepungua kwa nusu, lakini pia anaweza kusema kwamba imepungua kwa mtu mmoja katika elfu, na msomaji anayesikia kauli ya kwanza tu huondoka na picha tofauti kabisa. Niliwakumbusha pia yaliyotokea Uingereza mwaka 1995, pale onyo rasmi liliposema kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Ongezeko lenyewe lilikuwa takriban kutoka mwanamke 1 hadi wanawake 2 kati ya 7,000, lakini neno "maradufu" ndilo lililosambaa, wanawake wengi wakaacha vidonge, na mwaka uliofuata idadi ya utoaji mimba ikapanda. Tangu siku hiyo nimeshika msimamo kwamba sitaandika "kwa nusu" wala "maradufu" bila kutaja ni watu wangapi kati ya wangapi, na kila ninapolinganisha hatari mbili ninatumia kigawanyo kimoja, yaani namba ileile baada ya "kati ya", kwa sababu mtu akisoma "1 kati ya 25" karibu na "1 kati ya 200" anaweza kudhani ya pili ndiyo kubwa zaidi.

Wenzangu wa masoko walihofia kwamba ukweli uliopimwa hivyo hauvutii. Mimi sioni hivyo. Mwaka 1858 Florence Nightingale, muuguzi wa Uingereza, alichapisha mchoro wake maarufu wa vipande vya duara, akionyesha kwamba askari wa Uingereza katika Vita vya Crimea waliuawa zaidi na magonjwa yanayozuilika kuliko majeraha. Alikusudia kushawishi wenye mamlaka, tena kwa nguvu zake zote, na silaha aliyoitegemea ilikuwa takwimu halisi za vifo zilizochorwa kwa uwiano wa eneo. Mwishoni tulikubaliana kichwa kiwe "Presha haisemi. Njoo upimwe."

Neno "presha" nalo lilijadiliwa. Daktari alipenda "shinikizo la damu", ambalo ndilo neno sanifu, na ninalitumia katika maandishi marefu. Hata hivyo, mtu anayeingia mlangoni husema "nimekuja kupima presha", na picha inayosomwa kwa nukta kumi inapaswa kusema kama msomaji anavyosema. Tatizo ni kwamba wengine huita presha hali ya wasiwasi na haraka za maisha, kiasi cha kudhani kwamba mtu mtulivu hawezi kuipata. Ndiyo maana chini ya kichwa niliongeza mstari mmoja: "Shinikizo la damu linaweza kupanda hata kwa mtu mtulivu."

Sehemu niliyoipenda zaidi kuitengeneza ni ile ya namna ya kupimwa. Katika toleo la zamani ilikuwa orodha ya maagizo manane ambayo hakuna aliyeisoma. Safari hii nilichora mtu mmoja aliyeketi, na kila agizo nikaliweka kwenye kiungo kinachohusika: mgongo umeegemea kiti, nyayo zote mbili ziko sakafuni bila kukunja nne, mkono umelazwa mezani ukiwa usawa wa moyo, na mkanda wa mashine umefungwa kwenye mkono usio na nguo. Mdomo niliuchora umefungwa, kwa sababu kuzungumza wakati wa kupimwa hupandisha vipimo. Yale yasiyo na kiungo cha kuyabeba, yaani kupumzika dakika tano kabla ya kupimwa, kwenda haja ndogo kwanza, na kuacha kahawa na sigara kwa dakika 30, niliyaweka kwenye mstari wa muda unaoishia kitini. Nilichagua mchoro badala ya picha ya mgonjwa halisi ili uso wa mtu usihusishwe na ugonjwa.

Kuhusu rangi nitasema machache. Nilikuwa nimechora duara lenye nyekundu, njano na kijani la kuonyesha viwango, nikaliondoa. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, na kwa jumla haifai maana ibebwe na rangi peke yake. Sasa huichapisha kila kazi kwa rangi ya kijivu kwanza, na kama bado inaeleweka, naendelea. Maandishi ya kawaida nayapa uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya mandhari yake, kama miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, yaani ya kuwezesha hata wenye ulemavu kuitumia, inavyotaka.

Kabla ya kuikabidhi, niliwaonyesha rasimu watu sita wasiofanya kazi ya afya, mmoja mmoja. Niliwapa nukta kumi, nikaifunika, nikawauliza wanatakiwa kufanya nini. Watano walijibu "kupimwa". Wa sita, mzee mmoja, aliniomba niifunue tena, akaweka kidole kwenye maandishi 140/90 niliyokuwa nimeyaweka kwenye kona bila maelezo, akaniuliza: "Mwanangu, nikikutwa na hii, ndiyo nimekwisha?"

Swali lile lilinionyesha pengo ambalo mimi, daktari na idara ya masoko hatukuliona. Tulikuwa tunamwita mtu aje kupimwa bila kumwambia kinachofuata, na woga wa kinachofuata ndio unaowabakiza wengi nyumbani. Nilirudi kwa daktari, tukaandika pamoja sentensi tatu: kwamba 140 ni shinikizo moyo unaposukuma damu na 90 ni shinikizo moyo unapopumzika, kwamba kipimo kimoja cha juu hakitoshi kuthibitisha ugonjwa, hivyo utapimwa tena siku nyingine, na kwamba shinikizo la juu linadhibitiwa, kwa kupunguza chumvi, kufanya mazoezi, na dawa pale zinapohitajika. Ili zipate nafasi niliipunguza nembo ya mteja ikabaki moja, chini kulia, karibu na saa za huduma. Msimamizi wa masoko alisita, kisha nilipomsimulia swali la mzee, akakubali.

Toleo hilo ndilo lililotoka. Chini yake kuna chanzo cha takwimu na mwaka wake, kwa kuwa makadirio hubadilika na mtu atakayeirekebisha baadaye anahitaji kujua aanzie wapi. Toleo la simu nililiambatanisha na maelezo ya maandishi kwa wanaotumia programu za kusoma skrini, na niliyaandika kama ambavyo ningemweleza mtu picha hiyo kwa mdomo, zile sentensi tatu zilizotokana na swali la mzee zikiwa za kwanza. Muuguzi wa mapokezi ameniambia kwamba swali la moyo halisikiki tena pale mezani kwake, na kwamba baadhi ya wanaoingia hukaa kitini nyayo zikiwa sakafuni kabla hajawaambia.