Baiti nane zilizokuwa zikipotea kwenye kila rekodi

Programu yangu ya lugha ya C ilikuwa inashikilia rekodi milioni 10, na kumbukumbu ikawa inajaa kuliko hesabu yangu. Kwenye strakti, yaani muundo unaokusanya sehemu za rekodi moja, niliandika char (baiti 1), double (8), char (1), int (4), kwa mpangilio huo huo. Jumla ni baiti 14, sivyo? Nikaichapisha sizeof, inayotoa ukubwa halisi kwa baiti: 24!

Kumbe double, kwenye mashine yangu ya biti 64, lazima ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 8. Kwa hiyo baada ya char ya kwanza kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine) iliacha baiti 7 tupu, na baada ya ya pili ikaacha 3 kabla ya int. Nafasi ya bure kabisa, na kimya kimya.

Nilichofanya ni kuhamisha mistari tu: double juu, kisha int, halafu char zote mbili. sizeof ikashuka hadi 16. Yaani megabaiti 240 zikawa 160.

Mwanzoni niliilaumu kompaila kwa uvivu, lakini kanuni za C zinaikataza kubadili mpangilio wa sehemu za strakti. Kompaila ya lugha ya Rust inaruhusiwa, isipokuwa ukiandika repr(C), yaani agizo la kufuata mpangilio wa C. Binafsi naona Rust wamepatia.