Kabla hujanunua raketi ya badminton, jiulize unasimama wapi uwanjani

Kwenye kundi letu la badminton hapa Dar hazipiti siku nyingi kabla mtu hajarusha picha ya raketi na kuuliza "wadau hii vipi?", na majibu ni yale yale, mmoja anasema hiyo moto, mwingine anasema si ndo anayotumia Axelsen, wa tatu anauliza bei. Hamna anayemuuliza muhusika anachezaje. Anacheza singo au dabo? Anapenda kukaa nyuma ashindilie smashi (ule mpigo mkali wa kushuka chini), au raha yake ni kule mbele kwenye neti? Bega lake zima au linamsumbua? Mi naona hayo ndo ya kuuliza kwanza, rangi na jina la bingwa vije baadae kabisa.

Tuanze na huyo huyo Axelsen maana anatajwa sana. Viktor Axelsen wa Denmark ana urefu wa sentimita 194, amechukua dhahabu ya Olimpiki mara mbili mfululizo, Tokyo na Paris 2024, na raketi iliyojulikana sana mkononi mwake ni Yonex Astrox 100ZZ. Ile raketi kichwa ni kizito na shafti, yaani ile fimbo kati ya mpini na kichwa, ni ngumu kupita kawaida. Kwa mtu mrefu vile anayefanya mazoezi kila siku, mkono unaruka kwa kasi ambayo wengi wetu tunaocheza jioni baada ya kazi hatuna, raketi hiyo inamjibu. Wewe ukiishika utapiga kliya (ule mpigo wa juu wa kupeleka kinyoya nyuma kabisa kwa mpinzani) inaishia katikati ya uwanja na kiwiko kinaanza kuuma, afu unasema raketi mbovu. Sio mbovu, imetengenezwa kwa ajili ya mkono mwingine.

Sasa kitu cha kwanza ninachoangalia mimi ni balansi, yaani uzito wa raketi umelalia wapi. Kuna za kichwa kizito, kuna za katikati, kuna za kichwa chepesi. Ya kichwa kizito inafanya kazi kama nyundo, ukishaizungusha uzito wenyewe unaenda mbele na kukusaidia kusukuma, kwa hiyo anayekaa nyuma na kushambulia anaipenda. Gharama yake ni kwamba kuirudisha tayari kwa mpigo unaofuata inachukua muda, na kwenye badminton muda ndo hauna. Ya kichwa chepesi inageuka haraka, unapokea smashi vizuri, unacheza draivu, ile mipigo bapa ya haraka ya usawa wa kifua, bila kuchelewa. Ya katikati inafanya yote kwa kiasi, na kwa mtu ambaye bado hajajua anacheza staili gani mi nitamwambia achukue hiyo bila kusita.

Kampuni zenyewe zimeshagawa raketi zao kwa mtindo huo. Yonex wana Astrox kwa upande wa nguvu, Nanoflare kwa kasi, Arcsaber hapo katikati kwa wanaopenda kulenga. Victor wana Thruster kwa nguvu na Auraspeed kwa kasi. Li-Ning wana Axforce kwa nguvu. Ukishalijua jina la familia unajua nusu ya habari. Halafu Yonex walienda mbali zaidi wakatoa Astrox 88S na 88D, moja ya mchezaji wa mbele na nyingine ya mchezaji wa nyuma, zote kwa ajili ya dabo. Hapo ujue hata wanaozitengeneza wanaanza na swali la unasimama wapi uwanjani.

Lakini msije mkaamini kwamba kichwa kizito ndo smashi kali na basi. Tarehe 14 Aprili 2023 huko Soka, Japani, Satwiksairaj Rankireddy wa India alipiga smashi ya kilomita 565 kwa saa, rekodi ya Guinness, akaifuta ya Tan Boon Heong wa Malaysia ya kilomita 493 iliyokuwepo tangu 2013. Raketi aliyotumia Satwik ni Nanoflare 1000Z, na hiyo iko kwenye familia ya kichwa chepesi! Kasi ya kinyoya inatokana na kasi ya kichwa cha raketi pale kinapogusa, na kasi hiyo inatoka kwenye mwili, miguu, kiuno, bega, kukunjua mkono, mpaka vidole vinavyobana dakika ya mwisho. Kama mkono wako unaenda haraka zaidi na raketi nyepesi, basi smashi yako kali iko kwenye raketi nyepesi.

Kuna dogo mmoja tunacheza naye, ana nguvu kwelikweli, alikuja na raketi ya kichwa kizito mpya kabisa. Shida ni kwamba tunacheza dabo muda wote, na yeye ana macho makali ya neti, kwa hiyo mwenzie anamwacha mbele. Kila kinyoya kikirudi bapa kwa kasi raketi yake inafika nusu sekunde baadae. Mzee wetu mmoja pale, anacheza miaka mingi, akamwita pembeni, dogo akasema shikamoo mzee, mzee akaitikia marahaba akampa raketi yake iliyochakaa, ya kichwa chepesi, akamwambia "mwanangu, mkono wako hauna tatizo, kinachochelewa ni hicho chuma, jaribu hii mpaka mchezo uishe." Mnajua tena kilichofuata, dogo alianza kuua vinyoya pale juu ya neti kama amebadilishwa mtu. Alikuwa na uwezo huo huo siku zote ila raketi ilikuwa inambana.

Sasa shafti. Hili watu wanalidharau na mi naona ndo linalowaumiza watu mikono kuliko jingine lolote. Unaporusha mkono, ile fimbo ya katikati inapinda kwenda nyuma kidogo halafu inanyooka, na inatakiwa iwe inanyooka muda ule ule unapogusa kinyoya, hapo ndo inakuongezea msukumo. Mkono wako ukiwa wa taratibu na shafti ni ngumu, haipindi, kwa hiyo haikusaidii chochote na mtikisiko wote unarudi kwenye kiwiko na bega. Mkono wa haraka na shafti laini napo ni shida, kinyoya kinaondoka kabla shafti haijanyooka na unapoteza shabaha. Kwa anayeanza, laini au ya kati. Anayecheza miaka na anaweza kupiga kliya toka mstari wa nyuma hadi mstari wa nyuma bila kujikamua, huyo aende kwenye ngumu kama anataka.

Uzito wenyewe nitaupitia haraka. Pale juu ya mpini kuna maandishi madogo, mfano 4U G5. 3U ni gramu 85 mpaka 89, 4U ni 80 mpaka 84, 5U ni 75 mpaka 79, kabla ya nyuzi na gripu, ule utepe wa kuzungushia mpini. Siku hizi wengi wako kwenye 4U na sioni sababu ya kuanza kwingine. Ile G ni unene wa mpini, na kwa Yonex namba ikiwa kubwa mpini unakuwa mwembamba. Mimi nasema chukua mwembamba, kunenepesha kwa kuzungushia gripu ni rahisi, kupunguza ndo kasheshe.

Na hapo kwenye gripu kuna kitu kizuri sana ambacho ningependa kila mtu akifanye nyumbani. Chukua raketi yako, ilaze juu ya kidole kimoja mpaka itulie yenyewe bila kuanguka, weka alama hapo, pima kwa rula kutoka kitako cha mpini. Kisha zungushia gripu nyingine juu ya ile iliyopo, pima tena. Utakuta ile alama imerudi nyuma kuelekea mkononi, na kwa gripu ya gramu 5 hivi inaweza kurudi karibu sentimita nzima! Yaani raketi uliyoona kichwa kinakuelemea umeshairudishia uzito upande wa mkono kwa gripu ya bei ya soda, hujanunua nyingine. Na kinyume chake pia, ukibandua ile gripu nene iliyokuja na raketi ukaweka nyembamba tu, kichwa kinakuwa kizito zaidi. Kwa joto letu hili la Dar, jasho linatiririka mpaka kwenye vidole, watu wengi wanatumia gripu ya taulo, nzuri kwa jasho, ila ikilowa nayo inaongeza uzito upande wa mkono, kwa hiyo ukisikia mwisho wa mchezo raketi imebadilika sio mawazo yako.

Nyuzi sasa. Ukinipa raketi ya bei ya kati yenye nyuzi sahihi, na raketi ghali yenye nyuzi zilizolegea zilizokuja nayo toka dukani, naenda na ya kwanza. Nyuzi zikikazwa sana, eneo la katikati linalotoa mpigo safi linakuwa dogo, unapata shabaha ila nguvu inabidi utoe mwenyewe. Zikilegea kiasi, eneo linakuwa kubwa na nyuzi zinarusha kinyoya zenyewe. Mkazo wa nyuzi unapimwa kwa paundi. Wakali wa dunia wanakaza paundi 28, 30 na kuendelea, na kuna watu kwenye mitaa yetu wanaiga. Jamani! Anayeanza paundi 20 mpaka 23 zinatosha kabisa, aliyezoea 24 mpaka 26. Uzi mnene kama BG65, milimita 0.70, unakaa muda mrefu, na kwa sisi ambao fundi wa kukaza nyuzi sio kwamba yuko kila kona hilo ni jambo la maana. Na msivuke kiwango kilichoandikwa kwenye fremu, ukivuka halafu ukagusa kinyoya kwa pembeni, fremu inaweza kupasuka. Gari iliyoegeshwa juani pia sio stoo ya raketi, joto linalegeza nyuzi.

Kwa wale wa Nairobi, Arusha na milimani kwingine kuna la ziada. Nairobi iko juu kwenye mita 1,800 hivi, hewa ni nyepesi, kinyoya kinaruka mbali kuliko huku pwani, ndo maana inabidi mtumie vinyoya vya namba ndogo, 75 au 76, vinavyoenda taratibu. Maana yake kwenu shida sio kufikisha kinyoya nyuma, shida ni kukizuia kisitoke nje. Kwa hiyo mtu wa Nairobi nitamwambia asikimbilie raketi ya nguvu, aende kwenye ya katikati na akaze nyuzi paundi moja au mbili zaidi ya alivyozoea, atanishukuru.

Kuhusu feki, zipo na ni nyingi, na zinafanana mno. Raketi ghali inayouzwa kwa bei ya kutupa, maandishi yake yana ukungu, rangi imepakwa bila unadhifu, uzito haufanani na ulioandikwa, achana nayo. Afadhali original ya bei ya chini toka kampuni inayojulikana kuliko feki ya raketi ya bingwa. Ila raketi zile za chuma zinazouzwa kwa jozi, zenye kiungio pale shafti inapoingia kwenye kichwa, hizo ziacheni kwa watoto wacheze uani, ni nzito na kujifunza mikono ya haraka kwa raketi ile ni kujitesa.

Mwisho, azima. Watu wa badminton ni wakarimu, muombe mtu raketi yake, lakini usiijaribu kwa mipigo miwili mitatu ya kupasha moto maana hapo kila raketi ya kichwa kizito ni tamu. Cheza nayo mechi nzima mpaka gemu ya tatu, miguu imechoka, bega limechoka, halafu angalia smashi zinazokuja tumboni unazipokea au zinakupita. Kama zinakupita na mwanzoni ulikuwa unazipokea, shuka uzito kwanza ndani ya familia ile ile, toka 3U kwenda 4U au 4U kwenda 5U, na kama bado zinakupita ndo uhamie kwenye kichwa chepesi.