Mdogo wangu alivyopokea Komunyo ya Kwanza akiwa mtu mzima

Kilichotuchelewesha kuliko vyote ni wema wa watu. Kila nilipouliza ni lini mdogo wangu ataanza mafundisho ya Komunyo, yaani ya kupokea Mwili wa Kristo kwenye Misa, nilijibiwa kwa upole, mkono begani: "Huyu ni malaika, dada. Hana dhambi. Sakramenti za nini tena?" Mama yetu alijibiwa hivyo hivyo miaka ile sisi wengine tulipovalishwa nguo nyeupe. Alinyamaza, akaendelea kumleta kanisani kila Dominika, na amefariki hajamwona mwanawe akiinuka kwenye benchi kwenda kupokea. Jambo hilo linaniuma hadi leo, ndiyo maana naandika.

Mdogo wangu ana sindromu ya Down. Amevuka miaka 30, ana ndevu, Simba ikifungwa hali chakula cha usiku. Tangu mama afariki anaishi kwangu hapa Morogoro. Wanangu wanamwita Mjomba, na siku hizi jumuiya yetu nzima, waumini majirani tunaosali pamoja, inamwita hivyo. Malaika siye. Anakasirika, anasukuma watoto wakimgusa redio yake, anaficha chenji akitumwa dukani. Halafu jioni, bila kuulizwa, anaileta ile chenji, anaiweka mezani na kusema, "Dada, samahani." Anayejua kuomba samahani mwenyewe ana dhamiri, na mwenye dhamiri anahitaji kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, na Komunyo kama ninavyovihitaji mimi.

Kulikuwa na ushauri mbaya zaidi ya huo. Tuliambiwa tumpeleke kwenye maombi. Tukaenda, maana ukiwa na mgonjwa wa namna hii kila mtu anakuwa daktari wako, na kukataa unaonekana huna imani. Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakakemea kwa sauti kubwa. Mdogo wangu hapendi kuguswa kichwa. Alilia kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akilia, na kwa muda mrefu baada ya hapo akiona watu wamekusanyika wamefumba macho anatafuta mlango. Sindromu ya Down ni kromosomu ya 21 iliyozidi moja, mtu anazaliwa nayo. Hakuna pepo hapo wala laana ya ukoo. Anayetaka kumwombea mdogo wangu amwombee kama anavyoniombea mimi, amani na afya njema.

Basi nikaanza pale kila mtu anapoanzia, darasa la Komunyo, Jumamosi mchana, chini ya mwembe wa parokia. Watoto wa darasa la tatu na la nne wamebanana kwenye mabenchi mafupi, na yeye katikati yao magoti yanakaribia kidevu. Mafundisho yalikuwa ya swali na jibu. Katekista, yaani mwalimu wa dini, anauliza, watoto wanajibu wote kwa mpigo. Mdogo wangu akifika neno la pili, wenzake wamemaliza. Akagundua njia yake: anasubiri jibu liishe, kisha anasema "Amina!" kwa nguvu zote. Watoto wakacheka, naye akacheka nao, akijua amefanya vizuri. Wakaanza kuisubiri ile Amina. Haukupita muda mzazi mmoja akalalamika kwamba mtu mzima anakaaje na watoto, mwingine akasema anawaondolea usikivu.

Ikafika siku ya kuulizwa. Nasadiki, Amri Kumi za Mungu, Amri za Kanisa. Alisimama, akafanya Ishara ya Msalaba vizuri kabisa. Akaanza Baba Yetu, akafika "utupe leo mkate wetu", akaishia hapo, akatabasamu. Katekista akaandika kitu kwenye daftari, akaniita pembeni. "Mama, wewe mlee tu. Mungu anamjua." Tulirudi kwa miguu kwa sababu sikutaka watu wa bajaji wanione ninavyolia. Yeye njia nzima alikuwa akisema, "Mkate wetu, mkate wetu."

Aliyenifungua macho ni sista mmoja anayefundisha kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili kwenye shule ya msingi. Nilimweleza yote, akaniuliza swali moja: nani kakuambia Kanisa linadai kukariri? Akanionyesha. Papa Pio X, mwaka 1910, alipowafungulia watoto wadogo Ekaristi, yaani hiyo Komunyo, alitaka mtoto ajue kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, na asogee kwa ibada kadiri awezavyo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 777, zinamwagiza paroko ahakikishe hata wenye ulemavu wa mwili au wa akili wanapata katekesi kadiri hali yao inavyoruhusu. Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2007 kwamba wenye ulemavu wa akili wapewe Ekaristi kila inapowezekana, kwa sababu wanaipokea pia katika imani ya familia au jumuiya inayowasindikiza. Na Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba hakuna anayeweza kuwanyima watu wenye ulemavu sakramenti. Niliyaandika yote kwenye karatasi, nikaikunja ndani ya Misale ya Waumini, kitabu changu cha Misa. Nawashauri wenye ndugu kama wangu mfanye hivyo. Si kwa kugombana na padre. Ukiongea habari za huruma utapewa pole, ukija na namba ya kanuni utapewa kiti.

Nikayaacha maswali na majibu, nikafundisha kwa taa.

Kila jioni tulipotoka sokoni tulipita kanisani, dakika chache tu. Nilimwonyesha taa nyekundu kando ya tabernakulo, kisanduku kinamotunzwa Ekaristi. "Taa inawaka, Yesu yupo." Tunapiga goti, tunakaa kidogo, tunaondoka. Sikuongeza neno lingine, na nawasihi msiongeze. Maneno mengi ndiyo yaliyomshinda chini ya mwembe. Nyumbani asubuhi, tukila mkate na chai, nilimuuliza, "Huu ni nini?" Anajibu, "Mkate." Jioni mbele ya tabernakulo, "Humu yumo nani?" "Yesu." Mkate, Yesu, mkate, Yesu, mwezi baada ya mwezi. Jirani mmoja aliniambia namfundisha kama kasuku. Nilikuwa na hofu hiyo pia, sikuwa na namna ya kujua kama limeingia au ni mdomo tu.

Ikaja Ijumaa Kuu. Tulifika mapema kabla ya adhimisho la saa tisa alasiri, kanisa likiwa na watu wachache. Akatangulia mbele kama kawaida yake, akajiandaa kupiga goti, akasita. Altare haina kitambaa. Mlango wa tabernakulo uko wazi, ndani kutupu, taa imezimwa. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kumwandaa kwa hilo. Akatazama ile taa, akatazama ndani, akanigeukia: "Dada, hayupo."

Nikamuuliza, "Yuko wapi?"

Hakujibu. Akaanza kumtafuta. Aligeuza shingo pole pole kanisa zima, upande wa kwaya, upande wa sanamu ya Mama Maria, hadi akaona kule pembeni, kwenye kikanisa kidogo ambako Ekaristi huhamishiwa baada ya Misa ya Alhamisi Kuu, taa ikiwaka kati ya maua na mishumaa. Akaenda huko kwa haraka, akapiga magoti yote mawili, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyemkuta ndugu yake stendi, "Yupo huku." Yule katekista aliyetukatalia alikuwa anapanga vitabu vya nyimbo hatua chache tu kutoka pale. Akaniuliza, "Nani kamfundisha kumtafuta?" Nikamwambia ukweli, hakuna mtu.

Nitamshukuru katekista yule daima, kwa sababu alikwenda mwenyewe kwa Paroko kabla yangu. Baada ya Pasaka tukaitwa. Paroko hakugusa Amri za Kanisa. Alitoa sakristia hostia, kile kimkate chembamba cha Misa, ambayo haijawekwa wakfu, akauliza, "Mjomba, hii ni nini?" "Mkate." Akampeleka mbele ya tabernakulo. "Na humu?" "Yesu." Padre akanigeukia, akasema, "Mama, imetosha." Karatasi yangu haikutoka hata kwenye Misale.

Kitubio kilinitia wasiwasi zaidi ya Komunyo, kumbe kilikuwa chepesi. Nilichapisha picha steshenari, zilinigharimu elfu chache: mtu amekasirika, mtu anasukuma mtoto, mtu anaficha hela, mtu anasema uongo, na nyingine za mambo mema ili asidhani kila picha ni kosa. Akaingia nazo kwa padre msaidizi, wakakaa kwenye benchi karibu na groto, pango la Mama Maria, mimi nikakaa mbali kabisa. Alichagua anachojua yeye. Kwa ambaye hasemi kabisa, kanuni ya 990 inaruhusu mkalimani, naye anafungwa na siri. Sisi hatukuhitaji, na sijawahi kumuuliza alionyesha picha zipi.

Hostia yenyewe ndiyo ilitaka ufundi. Ulimi wake ni mzito, kitu kikavu kinamgandia kwenye kaakaa anakitema. Nilinunua hostia za kawaida kwa masista wanaozioka, tukafanya mazoezi jikoni, na kila mara nilimwambia, "Hii bado ni mkate." Nzima aliitema. Nusu aliitema. Nikajaribu kumnywesha maji kwanza, ikawa nafuu. Mwisho kipande kidogo kama ukucha wa mtoto kikapita bila shida. Nilipomweleza Padre akasema hakuna tatizo lolote, katika chembe ndogo kabisa Kristo yupo mzima. Na asiyeweza kumeza kitu kikavu kabisa, kanuni ya 925 inaruhusu apewe Damu ya Kristo peke yake panapolazimu. Waulizeni mapadre wenu mapema, msisubiri mkiwa kwenye foleni.

Tulichagua Misa ya kwanza, ya saa 12 asubuhi, kwa sababu ya pili ina vipaza sauti vikali na ngoma, anaziba masikio. Shati jeupe na suruali nilipata mnadani kwa bei ya kawaida ya mtumba, tai aliikataa. "Mwili wa Kristo." Akajibu "Amina!" ile ile ya chini ya mwembe, kanisa zima likasikia, na safari hii hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo nilikuwa na vita nyingine. Watu walimfurahia mno, wakawa wanampa pipi na kumpapasa shavu. Nikamwendea mwenyekiti wa jumuiya, nikamwambia: mpe kazi, Mjomba ni mtu mzima. Akasita, kisha akampa kapu la sadaka kwenye sala ya Jumamosi asubuhi. Mdogo wangu anapita kwa kila mtu, anasimama, anasema shikamoo kwa wakubwa, haondoki mpaka aitikiwe. Wengine walinung'unika kwamba anachelewesha. Hadi Jumamosi moja aliposimama na kapu mbele ya sehemu anayokaa bibi mmoja mjane, akagoma kusogea. "Bibi hayupo." Tulikuwa tumeshaanza sala ya kufunga. Mwenyekiti akatuma watu wawili, wakamkuta bibi amelala na homa, hajala tangu jana yake. Sasa jumuiya ikienda kutembelea wagonjwa, Mjomba yumo, na zamu ya usafi ikifika yeye ndiye anayenyoosha mabenchi, wala hukuti lililopinda hata moja.

Mtu akimuuliza swali kupitia kwako, mwambie amuulize mwenyewe na asubiri, jibu linakuja. Mkae karibu na mlango wa pembeni, mpitishe chooni kabla ya mahubiri. Usikubali awekwe mbele kama maonyesho siku ya sherehe. Na wema wa watu usikulaze usingizi: mimi simwachi aende peke yake na mtu yeyote, awe mwanakwaya, awe nani. Hilo nimeliweka wazi kwa Paroko na amenielewa.

Sasa tunajiandaa kwa Kipaimara, sakramenti ya kupakwa mafuta matakatifu kwenye paji la uso, Askofu akija. Kwa kuwa kichwa chake hakiguswi, kila usiku kabla ya kulala nampaka mafuta ya nazi kidogo kwenye paji la uso kwa kidole gumba, huku msimamizi wake, ambaye ni mwenyekiti wa jumuiya, akiwa amemshika bega siku anazoweza kuja. Mwanzo alikuwa anakwepa. Siku hizi ananiletea chupa mwenyewe.

Mama mmoja wa kigango cha jirani ameanza na binti yake mkubwa, ambaye miaka yote alikuwa anaachwa nyumbani Dominika kulinda nyumba. Nimempa zile picha za kitubio. Hostia za mazoezi atanunua mwenyewe, nimemwambia aende na chombo chenye mfuniko, maana msimu wa mvua zinalegea upesi, na aanze na kipande kidogo.