Taa zikififia kwenye gari la zamani, anza na waya wa hasi

Land Cruiser 80 ikitoa mwanga wa njano, wengi hukimbilia balbu mpya. Pima kwanza. Injini ikiwa imezimwa, betri isome volti 12.6 hivi, ikiunguruma, 13.8 hadi 14.4. Kama iko sawa, washa taa, gusisha ncha moja ya mita ya volti kwenye pini ya hasi ya soketi ya balbu, nyingine kwenye temino hasi ya betri. Ikizidi volti 0.5, shuku kutu kwenye nati inayofunga waya wa hasi kwenye bodi: fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi. Gari hili huwasha taa upande wa hasi, yaani swichi ya taa iko kwenye njia ya hasi, kwa hiyo swichi nayo huenda imechoka. Soketi ya H4 (aina ya balbu ya taa za mbele) iliyobabuka, tupa. Na balbu za wati 100 bila rilei, ile swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa? Zitakuyeyushia nyaya.