Usiku wa kwanza msituni Rungwe: nilivyobaki mkavu

Watu huulizia chui na nyoka. Ukilala ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, kitakachokunyima usingizi ni unyevu. Miteremko ya kusini mashariki hupata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka, na hata kiangazi ukungu unadondoka kwenye majani kama mvua. Nilichagua Julai kwa sababu mvua ni haba, ingawa baridi yake haina utani: usiku inaweza kushuka chini ya nyuzi 5. Kibali na mwongozaji nilivipata kwanza kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), wasimamizi wa hifadhi.

Bondeni sikuweka hema. Hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama huko. Nilikwepa pia miti yenye matawi makavu na mianzi iliyoinama. Kabla ya kutandika nilipekua majani yaliyooza kwa fimbo kutafuta njia ya siafu; ukiiona, usibishane nayo, hama.

Turubai la chini ndilo linalowakosesha wengi. Wanaliacha litokeze nje ya hema wakidhani linasaidia, kumbe linakinga maji ya mvua na kuyaingiza chini ya mgongo wako. Langu nililikunja kwa ndani, likawa fupi kuliko sakafu ya hema kwa sentimita 10 kila upande. Madirisha ya juu niliyaacha wazi kiganja kimoja. Ukifunga kila kitu, pumzi yako inageuka matone kwenye kitambaa na alfajiri inakudondokea, halafu unalilaumu hema kwamba linavuja.

Blanketi mbili nilitandika chini, moja nikajifunika juu ya mfuko wa kulalia. Inaonekana kinyume, lakini uzito wa mwili unaubana mfuko kwa chini, hewa inayotunza joto inatoka, na ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Sweta, soksi na suruali za kulalia (mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, inatosha kabisa) hazikuguswa mchana. Nilizifunga ndani ya karatasi ya nailoni inayouzwa kwa mita, maana mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Nguo za jasho usilale nazo, hata kama umechoka vipi.

Jiko nilibeba la gesi ya kopo. Gesi ya namna hiyo mara nyingi ni byuteni, na ikikaribia nyuzi 0 haitoki vizuri: moto unakuwa mdogo, unadhani kopo limeisha. Nililala na kopo ndani ya mfuko wa kulalia, valvu imefungwa, asubuhi jiko likawaka. Kupikia ni nje, kamwe si ndani ya hema.

Maharage yalipikwa nyumbani. Kwenye mwinuko wa mita 2,200 maji huchemka kwa nyuzi kama 92 au 93, kwa hiyo maharage mabichi yatakula gesi yote. Ugali hauna shida. Maji ya kijito niliyaacha yatokote dakika 3, yakapoa, ndipo nikanywa.

Chakula kilichobaki kiliingia kwenye ndoo ya lita 10 yenye kifuniko, ikaning'inizwa tawini. Panya wa msituni wanatoboa begi kwa kipande kimoja tu cha mkate.

Hema likirudi nyumbani lianikwe siku hiyohiyo. Likikaa limekunjwa na unyevu, linaota kuvu.