Jinsi nilivyompeleka Mama kwenye magenge ya Raskazone

Mama yangu anaipenda bahari, ila magoti yanamsumbua. Tulipokwenda likizo Tanga, kwa mama mdogo anayekaa Chumbageni, nilitaka apate siku nzima ya pwani na arudi nyumbani bila maumivu. Binamu zangu walishapanga yao: asubuhi Mapango ya Amboni, mchana Magofu ya Tongoni, jioni Raskazone, kwenye magenge, yaani kingo za mwamba zilizosimama kando ya bahari. Amboni iko kaskazini ya mji, Tongoni kusini, njia ya Pangani. Nikawaomba tuchague Raskazone peke yake, na hayo mengine tuyape siku zake.

Kilichotufaa kuliko chochote ni kuuliza habari za maji mapema. Nilipokwenda Deep Sea kununua samaki, nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu. "Mwezi ndio kwanza umeandama," akaniambia. "Hili ni bamvua, mwanangu. Kesho saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa mbali. Mkitaka kuoga, ngojeni saa kumi."

Bamvua ndizo siku ambazo maji hupwa mbali sana na kujaa sana. Siku yote tukaipanga kwa maneno hayo. Bajaji ilitushusha kabla ya saa nne, tukalipa kiingilio kwenye sehemu moja yenye ngazi za kushukia baharini, tukatandika mkeka kivulini. Mama akaketi juu na chupa ya chai, mihogo ya kukaanga na machungwa ya Muheza. Kutoka pale aliiona ghuba yote, Kisiwa cha Toten na meli zilizotia nanga zikisubiri bandari.

Mimi na watoto tukashuka. Magenge yale si marefu, lakini ni mazuri kuyatazama kwa karibu. Mwamba wenyewe ni matumbawe ya kale. Magenge ya namna hii katika pwani yetu mengi ni miamba iliyokuwa hai chini ya maji yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko sasa. Watoto walipapasa jiwe wakaona maumbo ya matumbawe na vipande vya makombe vilivyogandia humo, wakaanza kushindana nani ataona mengi. Mwamba huo ni mkali, unachana ngozi, kwa hiyo kila mmoja alivaa yeboyebo. Tena mawimbi yameula kwa chini, na juu umetokeza kama upenu wa nyumba. Ndiyo maana niliwakataza kabisa watoto kusimama ukingoni: unadhani umekanyaga ardhi nene, kumbe chini yake ni hewa.

Maji yalipoanza kurudi tulipanda mara moja. Wakati wa bamvua yanajaa kwa kasi, na mtu aliye chini ya genge anaweza kukuta njia aliyojia imeshafunikwa. Adhuhuri tulikula, Mama akalala usingizi mzito wa upepo wa bahari. Hakuna aliyemharakisha. Kwangu hapo ndipo penye raha ya matembezi, na ndiyo sababu nilipinga ule mpango wa sehemu tatu.

Alasiri nilifurahi mno. Asubuhi bahari ilikuwa mbali, chini ya ngazi nyingi na mawe ya kuteleza. Sasa ilikuwa imepanda yenyewe ikazifunika ngazi za chini. Nilimshika Mama mkono, akateremka hatua chache tu, akaketi kwenye ngazi, maji yakamfika magotini. Akakaa humo muda mrefu akizungumza na mama mdogo mambo ya utoto wao, na sisi tukiogelea mbele yao.

Kama una mzazi wa hali hiyo, tafuta siku za mwezi kuandama au mwezi mpevu. Juma moja baadaye, kwenye maji mafu, saa hugeuka: maji hujaa asubuhi, tena si kwa wingi ule. Amboni sikumpeleka kabisa, kwa sababu mle mapangoni kuna mahali pa kuinama na kupenya. Tongoni alikwenda siku nyingine, akatembea taratibu katikati ya makaburi ya nguzo, na kila alipochoka tukasimama.